Sanamu la Hallunda na Mapigo ya Kinu

Sanamu lilisimama nyuma ya jengo letu Hallunda, kitongoji cha Stockholm, likiwa limefungwa kitenge kiunoni, kama mama anayejiandaa kwenda sokoni. Halikuwa na uso. Lilikuwa la zege, kimo chake kinanifika begani, tumbo limetokeza, na limeinama mbele kidogo kama mtu anayejaribu kusikia yanayosemwa mlango wa pili. Aliyelitengeneza ni binti wa jirani yangu wa ghorofa ya juu, msichana wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa hapahapa Stockholm. Aliyelifunga kitenge ni mama yake.

"Dada, watu ya kanisa banauliza," mama aliniambia tulipokutana kwenye ngazi. "Banasema, mama, kule nyuma ya nyumba yenu kuna sanamu. Nijibu nini? Niseme ni ya masomo? Hata ile ndama ya zahabu pengine ilikuwa ya masomo."

"Lakini halina uso, mwenzangu."

"Na lisipate! Akiweka macho, miye nahama. Nakuja kulala kwako."

Yeye ni mtu wa Uvira, mimi ni mtu wa Tanga. Kiswahili chake na changu ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbili: wanafanana sura, lakini kila mmoja anamshangaa mwenzake anavyokula. Alifika Sweden kama mkimbizi, na watoto wawili ambao sasa wana nyumba zao, akafanya kazi ya usafi miaka mingi. Mimi nilifika kwa miguu yangu mwenyewe, baada ya Mombasa, Muscat, Cairo na Copenhagen, kwa sababu sijawahi kukaa mahali bila kuanza kuangalia ratiba za kuondoka. Karibu na huyu jirani nimekaa muda mrefu kuliko popote. Binti yake ananiita Tantine, kama Wakongo wanavyowaita mashangazi wa hiari.

Sanamu lilikuwa kazi yake ya kumalizia shule. Huku mwanafunzi wa sekondari hapewi cheti mpaka afanye kazi moja kubwa aliyoichagua mwenyewe, aipange, aijaribu, kisha aiandike. Wenzake walichagua mambo ya mezani. Yeye alichagua kujaribu kama kweli yale masanamu makubwa ya Kisiwa cha Pasaka, kule katikati ya bahari ya Pasifiki, yangeweza kusafirishwa kwa kamba na watu peke yake, bila magogo, bila wanyama, bila gurudumu.

Sehemu ya lawama ya jambo hili ni yangu, maana mimi ndiye niliyemjaza mafumbo tangu akiwa mdogo. Mama yake alipokuwa zamu za jioni, binti alishuka kwangu, nami nilimsimulia Tongoni.

Tongoni ni magofu karibu na Tanga, msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Tulipokuwa watoto tuliambiwa yalijengwa na majini kwa usiku mmoja. Hakuna aliyeuliza majini yalitaka msikiti wa nini. Nilipokua nikapata kazi za ndani Cairo, na siku yangu ya kwanza ya mapumziko nikaenda kuziona piramidi. Muuza maji mmoja pale akanifuata akinihakikishia kwamba hazikujengwa na watu. Zilijengwa na wageni kutoka juu, akaonyesha mbinguni kwa chupa. Nilinunua maji yake kwa furaha. Nilikuwa nafua nguo za watu wengine wakati ule, na ilinipendeza kuamini kuwa kuna kazi moja duniani ambayo haikufanywa na mikono iliyochoka.

Binti alizimeza hadithi hizi zote. Kisha akakua, akaanza kuzirudisha moja moja, zikiwa zimefunguliwa.

Nakumbuka jioni aliponionyesha kwenye kompyuta picha ya zamani ya Wamisri ukutani mwa kaburi. Safu za wanaume wanavuta sanamu kubwa juu ya gari la kuburura lisilo na magurudumu, na mtu mmoja amesimama mbele kabisa ya lile gari anamwaga maji mchangani.

"Tantine, unadhani anafanya nini huyu?"

"Anatoa tambiko," nikasema mara moja. "Anaomba njia."

"Wataalamu wengi nao walidhani hivyo. Halafu watu wa fizikia wakachukua sinia la mchanga, wakavuta kitu kizito juu yake. Mchanga mkavu unajikusanya mbele, unakuzuia. Ukitia maji ya kiasi, unashikamana, unakuwa kama sakafu. Nguvu inayohitajika inapungua kama nusu." Alisema haya kwa Kiswidi, kama anavyosema kila jambo analolipenda sana, nami nikajibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu.

Nilikuwa namwona bibi yangu Tanga akinyunyizia uwanja maji kabla ya kufagia, na sisi watoto tukikimbia juu ya ule mchanga uliokaza, miguu haizami. Nimekanyaga jibu la piramidi nikiwa na miaka sita. Sikujiona mjinga, nilijiona nina undugu na yule mwenye mtungi. Miaka maelfu amesimama pale ukutani anaonyesha wazi kabisa jinsi ilivyofanyika, na watu wanapita wakimwuliza siri.

Na Tongoni yangu akaifungua vilevile. Alisoma kwamba mafundi wa pwani walilitoa tumbawe baharini wakalichonga likiwa bado bichi, laini, kisha likakauka hewani na kuwa gumu; na chokaa waliipata kwa kuchoma mawe hayohayo juu ya kuni. Nilidhani ningeona uchungu kuyapoteza majini yangu. Badala yake nikaanza kuota mikono: mtu anaharakisha patasi kabla jiwe halijakauka.

Kwa hiyo aliponiambia habari ya yale masanamu, nilikuwa tayari. Wenyeji wa kile kisiwa, wakiulizwa na wageni mababu zao waliyahamishaje kutoka machimboni hadi pwani, walikuwa na jibu moja: yalitembea. Wageni wakacheka, wakaandika kwamba ni ushirikina, wakatafuta majibu mengine, hata ya viumbe wa angani. Kisha wachunguzi fulani wakayatazama vizuri yale yaliyoanguka njiani kabla ya kufika. Wakaona yana matumbo mazito na nyayo zilizopinda kwa mbele, na yameinama, tofauti na yale yaliyofika na kuchongwa upya yasimame wima. Mtu akilivuta kichwa kushoto, linaegemea ukingo wa kushoto, na upande wa kulia unainuka na kuzunguka mbele. Akilivuta kulia, upande wa kushoto nao unakuja. Wengine nyuma wanalishikilia lisianguke kifudifudi. Linakwenda likiyumba, kama mtu mnene anayepanda kilima. Waliojaribu na sanamu la zege waliona likienda.

"Kama friji," nikasema. Kila aliyehamisha friji peke yake anaijua ile hatua.

"Kama friji, Tantine. Lakini friji yenye urefu wa nyumba."

Mtunzaji wa majengo, Mswidi mmoja mpole mwenye masharubu, alimruhusu kutumia uwanja wa nyuma kwa sharti kwamba Jumatatu fulani ya mwezi wa tano zege lote liwe ukingoni mwa barabara, ambako lori litalichukua, maana majani yalikuwa yanaanza kukua na yeye ana mashine ya kukata. Tarehe hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa kukabidhi kazi shuleni. Binti alikwisha kuomba kusogezewa mara mbili. Mwalimu wake alimwambia kwa uungwana kwamba si lazima sanamu litembee. Lisipotembea, aandike kwa nini. Lakini ajaribu, na ajaribu sawasawa.

Tulilimwaga zege ndani ya kiunzi cha mbao kwa msaada wa Mkenya mmoja wa Nakuru anayeendesha basi, mkazi wa Bredäng, ambaye ujanani alifanya kazi za mjengo. Alilipiga sanamu kofi mgongoni lilipokauka, akasema, "Huyu jamaa ni mzito kuniliko, na mimi bibi yangu anasema nimezidi." Tulilitegea vipande vya mbao chini ya ukingo wa mbele, kwenye vidole, lisianguke kwa jinsi lilivyoinama. Asubuhi yake nikakuta kitenge.

Jaribio la kwanza lilifanyika Jumapili baada ya kanisa. Dereva alikuja na rafiki zake wachache, wakashika kamba ya kushoto. Vijana wa kwaya anayoiongoza mama, Wakongo ambao kanisa lao linakodi ukumbi Skärholmen, wakashika ya kulia, bado wamevaa mashati ya kung'aa. Nyuma walishika wanafunzi wenzake na binti, watoto wa Kiswidi na wa mchanganyiko, pamoja na mimi. Binti alisimama mbele. Mama yake alisimama kwenye roshani, mikono kifuani, hataki kuona na hataki kukosa.

Binti akapaza sauti: "Haya!"

Hapo kila mtu akaanza kufanya alichofundishwa na nchi yake. Dereva akatoa sauti ya kifuani, "Haraaam-," na watu wake wakajibu "-bee!" wakavuta kwenye "bee". Vijana wa kwaya wakaanza "Oh, hisse!" kwa Kifaransa, wakavuta kwenye "hisse". Wanafunzi wakahesabu moja, mbili, tatu kwa Kiswidi, nusu yao wakavuta kwenye tatu na nusu yao baada ya tatu. Mimi nilikuwa natafuta ya kwetu, na kabla sijaipata sanamu lilianza kutetemeka. Kushoto wanavuta, kulia wanavuta, wote kwa nguvu moja na kwa wakati mmoja, na lenyewe limesimama katikati kama mtoto anayegombewa na wazazi.

"Vuteni!" dereva akapiga kelele. "Aki nyinyi watu wa Kongo, mnavuta ama mnaimba?"

"Weye ndio unaimba!" kijana mmoja akamjibu. "Siye tunafanya kazi!"

"Kwa zamu!" binti akalia. "Kushoto kwanza!"

Lakini kelele za watu wa kuvuta hazina zamu. Zimetengenezwa kwa ajili ya lori lililokwama. Upande wa kulia wakalegeza ili wasikie, upande wa kushoto wakavuta "bee" nyingine, sanamu likazunguka kwa ukingo, kamba yetu ya nyuma ikanichoma viganja, na likaenda kifudifudi kwenye majani kwa kishindo kilichofungua madirisha ya jengo zima. Dereva aliruka nyuma. Pale alipokuwa amesimama, palikuwa na tumbo la sanamu.

Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna aliyecheka pia. Kutoka roshani mama akasema, bila kupaza sauti, "Sasa basi. Imekwisha." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Tulilisimamisha kwa mbao na jasho, kona ya kichwa ikiwa imemeguka, kisha watu wakaaga mmoja mmoja. Dereva aliniambia pembeni, "Dadangu, mimi niko na watoto. Siwezi kosa mguu juu ya homework ya mtu."

Katikati ya wiki binti alishuka jikoni kwangu. Nilimpa chai ya tangawizi, hakuinywa.

"Andika kwamba halikutembea," nikamwambia. "Si mwalimu amekubali?"

"Amekubali. Lakini lazima niandike sababu." Alikuwa anazungusha kikombe. "Umbo ni sahihi, Tantine. Nimepima. Kamba ni sahihi. Uzito ni sahihi. Kitu pekee kilichobaki kwenye orodha ni watu. Nitaandika nini? Kwamba limeshindikana kwa sababu watu wangu hawawezi kuvuta pamoja?" Akatazama dirishani, kule sanamu lilikosimama na kitenge chake kilichochafuka. "Hivyo ndivyo wanavyosema siku zote. Watu wale hawakuweza. Ndiyo maana wanawaleta viumbe wa angani. Sasa na mimi niandike vilevile, tena kuhusu mama na kwaya na anko wa basi, niweke jina langu juu?"

Nilimfikiria muuza maji wa Cairo, na jinsi nilivyomlipa kwa furaha.

Jibu lilikuja Alhamisi, likiwa kwenye gunia. Ndugu yao mmoja alifika kwa gari kutoka Brussels na majani mabichi ya muhogo, kwa ajili ya sherehe ya kanisa. Sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, hapa Stockholm kwa kawaida hununuliwa ikiwa imekwisha kusagwa na kugandishwa. Mama anaila, lakini anaisema vibaya inapokuwa sahanini. Kwa majani mabichi alikuwa na kinu, kinu cha mti alichokinunua hukohuko Brussels na kukibeba mapajani ndani ya basi. Tulikiweka kwenye roshani yake juu ya mablanketi yaliyokunjwa, ili jirani wa ubavuni asije kugonga ukuta kwa fagio, tukashika kila mmoja mchi wake.

Sikuwa nimetwanga na mtu mwingine tangu Tanga. Nilidhani mikono imesahau. Mchi wake ukashuka, wangu ukapanda. Wangu ukashuka, wake ukapanda. Alianza kuimba kwa sauti ndogo ya puani, maneno ya lugha yao nisiyoijua, na kila mchi uliposhuka mmoja wetu alitoa pumzi. Hi. Ha. Hi. Ha. Kinu chembamba, michi miwili minene, na haikugusana hata mara moja.

Binti alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua vikonyo, uso umenuna. Ghafla akasimama.

"Acheni," akasema. "Hapana. Msiache! Endeleeni!"

"Huyu ana homa," mama yake akasema bila kusimamisha mchi.

Binti alikuwa ametoa simu, anaturekodi, midomo inahesabu. "Mama, nani anawaambia zamu ya nani?"

"Nani aniambie? Ni kinu."

"Lakini hamgongani."

"Tugongane! Msichana akigonga muchi ya mama-mukwe wake, kesho iko anarudishwa kwao na kuku yake." Tukacheka sote wawili, na hata kicheko kikaingia kwenye zamu: yeye, mimi, yeye, mimi.

Binti hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama treni yake ikiingia. "Tantine, sisi tulikuwa tunavuta. Harambee ni ya kuvuta. Oh hisse ni ya kuvuta. Wote wanavuta pamoja, wanapumzika pamoja. Sanamu halitaki kuvutwa. Linataka kutwangwa."

Niliuona ukweli wake papo hapo, kwenye mabega. Nilipokuwa nainua mchi nilikuwa napumzika, na wakati wangu wa kupumzika ndio uliokuwa wakati wa mwenzangu wa kazi. Hakuna kelele ya lori inayokufundisha hivyo.

"Mama, utatuimbia Jumamosi?"

Mchi wa mama ukasimama juu. Wangu ukashuka peke yake, ukasikika vibaya. "Niimbie sanamu? Miye? Mbele ya macho ya Mungu na ya jirani?"

"Sio sanamu. Waimbie watu wa kamba."

"Hapana."

Hapo binti akamwambia alichoniambia jikoni. Alimwambia kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha kukwama, kwa hiyo kilitoka bila mapambo: kwamba asipopata watu atalazimika kuandika kuwa watu walishindwa, na hataki kuandika hivyo, na Jumatatu ni lazima aandike kitu au hatapata cheti.

Mama aliufuta mchi kwa kiganja, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Alipozungumza alinitazama mimi, si binti.

"Nilipofika hii inchi, walinihoji. Mutu wa ofisi na mukalimani. Wakauliza, kutoka Uvira mpaka Bujumbura, na mutoto mugongoni na mwingine mukononi na godoro kichwani, ulisafiri na nini? Nikasema, nilitembea. Akaandika kidogo, akauliza tena: gari ya nani? Nikasema, nilitembea. Mara ya tatu tena, sasa kwa upole, kama mutu anasaidia mugonjwa: mama, gari gani?" Akauinua mchi. "Hakuwa mutu mubaya. Hakuona tu namna inawezekana."

Tukatwanga mpaka majani yakalainika. Hakusema ndiyo. Lakini alipokuwa ananiwekea fungu langu kwenye mfuko alisema, "Kitenge ile kabla ya kuanza nitatoa. Itachanika."

Kuwarudisha watu ikawa kazi ya mama vilevile. Aliwapigia simu vijana wa kwaya, na kwa kijana wa kwaya mama huyu haombi. Dereva nilimpigia mimi. Nilimwambia safari hii hatutavuta, tutatwanga. Akasema, "Wueh! Kama kuna sombe baadaye, nakuja."

Jumamosi ilikuwa siku ya jua na upepo baridi kutoka ziwani. Binti alipanga watu kwa namna nyingine: Wakenya na Wakongo akawachanganya pande zote mbili, ili pasiwe na timu za mataifa. Mama akashuka ngazi amevaa viatu vya kazi. Alikifungua kitenge, akakikung'uta, akajifunga mwenyewe kiunoni, akasimama mbele na mchi mkononi. Alikuwa ameleta na ubao wa kugongea, ameubana kwapani.

"Sikilizeni," akasema. "Muchi ikigonga, kushoto. Muchi ikigonga tena, kulia. Kama si zamu yako, pumua. Hapa hakuna mwanaume wa nguvu. Mwanaume wa nguvu atavunja kinu."

"Umesikia, anko?" kijana mmoja akamwambia dereva.

"Nimeskia. Anakuongelesha wewe."

Aligonga ubao, akaanza kuimba ule wimbo wa puani, safari hii kwa sauti ya kifua, ile sauti inayoongoza kwaya nzima. Mapigo ya kwanza tulicheza tu, kamba zikikaza na kulegea. Sanamu likaanza kuyumba, kushoto, kulia, kidogo kidogo, na mimi nyuma nikasikia kwenye kamba jinsi uzito ulivyobadilika. Haukuwa tena uzito wa kitu kinachokataa. Ulikuwa unakwenda na kurudi wenyewe, nasi tunauongezea kidogo tu, kama unavyosukuma bembea.

"Nyuma, legezeni!" binti akasema. "Kidogo!"

Tukalegeza. Sanamu likaegemea kushoto, na upande wake wa kulia ukainuka kwenye majani, ukazunguka mbele, ukakanyaga. Likaegemea kulia. Upande wa kushoto ukaja.

Hakuna aliyeshangilia, kwa kuogopa kupoteza mapigo. Nilimsikia dereva tu akisema "Yesu!" kwa pumzi, kwenye zamu yake. Mama aliimba akirudi nyuma, anagonga, anatembea kinyumenyume mbele ya lile jiwe lisilo na uso, nalo linamfuata likiyumba mabega. Watoto wa jengo walipanda juu ya ukuta kutazama. Likavuka uwanja. Likapita bembea na meza ya kuchomea nyama. Kuna mahali pana mteremko, nikamwomba Mungu, lakini binti aliinua mkono, tukaikaza kamba ya nyuma, mama akapunguza mwendo wa wimbo, na likateremka kwa hatua fupi kama bibi kizee anayeheshimu magoti yake. Lilipofika ukingo wa barabara, mama akagonga mara mbili na kunyamaza, nasi tukatia vipande vya mbao chini ya vidole.

Nilikaa chini kwenye majani. Nimeziona piramidi, nimeyaona magofu ya nchi kadhaa, na daima nilisimama mbele yake nikifikiria waliobaki nje ya maelezo. Siku ile nilijua jambo ambalo hakuna gofu lililowahi kuniambia: kwamba kazi ile ilikuwa na furaha ndani yake. Waliokuwa kwenye zile kamba kule kisiwani walitoka jasho, walichubuka, na pengine jioni walikula pamoja wakiigiza nani alivuta vibaya.

Sisi tulikula sombe. Dereva alikula sahani tatu.

Jumapili usiku binti alituma ujumbe kutoka juu: anaandika sehemu ya njia ya kazi, na wimbo unaitwaje? Nikamsikia mama yake akijibu kupitia dari, "Hauna jina! Ni wa sombe!" Hivyo ndivyo ulivyoandikwa. Alikabidhi Jumatatu asubuhi, na mwezi uliofuata alitoka mbio kwenye mlango wa shule akiwa na ile kofia nyeupe ya wahitimu wa hapa, mama yake akipiga vigelegele mpaka Waswidi wakageuka.

Lakini ninachokihifadhi zaidi ni Jumatatu yenyewe. Nilikuwa natoa takataka mtunzaji wa majengo alipofika kuangalia. Mama alikuwa nje anasubiri kuagana na sanamu, nadhani, ingawa asingekubali. Yule bwana alilitazama pale barabarani, akageuka kutazama kule lilikokuwa. Katikati, juu ya majani, kulikuwa na nyayo zilizopinda kama mwezi mchanga, moja kushoto, moja kulia, mpaka miguuni mwetu. Alizitazama zile nyayo bila kuziona. Alikuwa anatafuta alama za matairi.

"Kazi nzuri," akasema kwa Kiswidi. "Mmetumia mashine gani?"

Mama alikaza fundo la kitenge chake.

"Limetembea," akamwambia.

Bwana akacheka kwa upole, akainama, akaanza kutafuta tena.

"Limetembea," mama akarudia, na safari hii naye alikuwa anacheka.